Fenbelti ya Probox: ninavyoibadilisha mwenyewe uani

Mkanda wangu wa fenbelti ulikatika nikipanda mlima kutoka Subukia, alfajiri, nikiwa na mitungi minne ya maziwa nyuma. Nilisikia kitu kikipiga pap! chini ya boneti, mara taa nyekundu ya betri ikawaka. Gari likaendelea kwenda kama kawaida, na hapo ndipo wengi huponzeka. Kwenye Probox yenye injini ya 1NZ-FE, mkanda huo unazungusha alteneta na pampu ya maji. Ukikatika, betri haipati chaji na maji yanasimama ndani ya injini. Ukikaza mwendo ufike nyumbani, hedi, yaani sehemu ya juu ya injini, itapinda kwa joto. Niliegesha pembeni nikazima. Maziwa yaliganda, injini ikapona.

Siku hizo sikujua kushika spana. Fundi wa pale barabarani alinifungia mpya, akaikaza mpaka ukiigusa inalia kama waya wa seng'enge. Nilimshukuru, nikidhani kukaza sana ndiyo kazi nzuri. Haikupita miezi mitatu beringi ya alteneta ikaanza kunguruma, nikalipia alteneta nzima kwa sababu ya mkanda wa bei ndogo. Tangu hapo nafunga mwenyewe, na nataka wewe pia ujue, kwa kuwa kutoa mkanda na kuurudisha si kazi. Kazi ni kukagua puli, yale magurudumu madogo yanayopitiwa na mkanda, na kujua mkanda ukazwe kiasi gani.

Kwanza tusichanganye mambo. Mkanda huu uko nje ya injini, unauona ukifungua boneti, upande wa dereva. Si ule wa taiming, unaoendesha vali za injini. 1NZ-FE ina cheni ya taiming iliyofichwa ndani, haihusiki hapa. Kama gari lako lina mkanda wa taiming, hiyo ni kazi nyingine kabisa na usiianze kwa maelezo haya.

Utajuaje umechoka? Mikanda ya zamani ilikuwa ikipasuka nyufa, unaiona. Ya sasa mingi imetengenezwa kwa mpira ambao hauonyeshi nyufa mapema. Unalika polepole kama tairi. Upinde mgongo ukiwa ndani, utazame mifereji: ikiwa imekuwa mipana, au mkanda umedidimia ndani ya puli, muda wake umekwisha. Ukiwa na mafuta juu yake, badilisha pia, lakini tafuta kwanza mafuta yanatoka wapi.

Mluzi wa mkanda asubuhi una siri yake. Washa gari, simama mbali na puli, nyunyiza maji kidogo kwenye upande wenye mifereji. Mluzi ukizidi, mkanda unateleza, umelegea au umechoka. Ukinyamaza kidogo kisha ukarudi, kuna puli isiyo kwenye mstari mmoja na wenzake, na mkanda mpya hautakusaidia. Kabla ya kufanya hivyo vua leso, funga nywele, kunja mikono ya sweta. Naomba hili usilipuuze. Puli haikupi nafasi ya kuvuta mkono.

Dukani nenda na mkanda wa zamani mkononi. Muuzaji wangu pale mjini Nakuru hata salamu hamalizi: "Mama, lete ule wa kale tusome." Nyuma yake kuna maandishi kama 5PK1100. Hapo 5 ni idadi ya mifereji, PK ni aina, na 1100 ni urefu kwa milimita. Huo ni mfano tu, nunua wa namba iliyo kwenye wako. Namba ikiwa imefutika, taja injini na mwaka wa gari, na useme kama lina AC, maana AC hubadilisha urefu. Ukifika nyumbani itundike yote miwili kwenye msumari mmoja. Wa zamani ukizidi kidogo tu kwa kunyooka, sawa. Ukizidi kwa upana wa vidole vitatu, rudisha.

Sasa kazi. Injini iwe baridi, gari kwenye tambarare, breki ya mkono juu, jiwe nyuma ya gurudumu. Toa waya hasi wa betri. Wengi huruka hapa, lakini ule waya mnene nyuma ya alteneta una moto muda wote, na spana ikiugusa huku inagusa bodi, cheche zake utazikumbuka. Kisha chukua simu upige picha ya njia ya mkanda, kutoka juu na kutoka pembeni.

Alteneta ya gari langu inashikwa na bolti mbili. Ya chini ndiyo bawaba yake, spana 14. Ya juu inateleza kwenye mkono wa chuma, spana 12. Legeza zote mbili bila kuzitoa, isukume alteneta kuelekea injini, mkanda utalegea na kuteleza. Magari mengine yana bolti ya tatu ndefu ya kurekebishia. Hapo utaizungusha hiyo. Na mengi mapya yana tenshona ya springi inayojikaza yenyewe: unaivuta kwa spana ndefu, unatoa mkanda, basi.

Usikimbilie kuweka mpya. Huu ndio wakati pekee puli zote ziko huru. Zungusha ya alteneta kwa mkono: iwe laini na kimya. Ukisikia kama kuna mchanga ndani, beringi imeanza. Shika puli ya pampu ya maji uitikise mbele na nyuma. Isicheze hata kidogo, na chini yake pasiwe na alama kavu ya kulanti, yale maji ya kupoza injini, ya waridi au ya kijani. Puli ya AC nayo izunguke bila kukwaruza. Huku kwetu Januari na Februari vumbi hujaa kwenye mifereji ya puli na kuganda, nami huisugua kwa mswaki mkavu. Hakuna grisi, hakuna dawa ya kupuliza. Mkanda unashika kwa sababu ni mkavu.

Pitisha mpya ukifuata picha. Upande wa mifereji ukae kwenye puli zenye mifereji, na puli laini kama ipo ishikwe na mgongo. Kisha pitisha kidole pembeni mwa kila puli, hata ile ya chini usiyoiona. Mkanda ukiruka mfereji mmoja tu utachanika haraka. Mimi humwambia kijana wangu amulike tochi huku napapasa.

Kukaza: natumia kipande cha mpini wa jembe, nakiingiza kati ya alteneta na injini, navuta kwa mkono mmoja kuelekea mbele. Usiegemeze kwenye rejeta wala kwenye plastiki yoyote. Mwanangu anafunga bolti ya juu nikiwa nimeshikilia, ya chini inafuata. Halafu pima. Bonyeza kwa nguvu ya kidole gumba katikati ya sehemu ndefu kuliko zote: mkanda uingie ndani kama sentimita moja. Ushike hapo hapo uusokote. Ufike robo ya mzunguko, yaani uso wake ulale pembeni, na kwa shida kidogo. Ukipita hapo umelegea. Ukikataa kabisa, umekaza kama yule fundi wangu. Legeza uanze tena, hata mara tatu.

Rudisha waya wa betri, washa, taa ya betri izime. Washa taa kubwa na AC usikilize dakika tano. Zima, acha injini ipoe, pima tena kwa kidole, maana mkanda mpya hunyooka kidogo ukishakaa. Mimi hupima mara ya pili baada ya wiki ya safari za Subukia.

Wa zamani, kama haukukatika, usitupe. Wangu uko chini ya kiti cha abiria pamoja na spana 12, spana 14 na kile kipande cha mpini.