Namna ya kurudia "Adili na Nduguze" moyo unapoelemewa

Watu wengi waliosoma kwa Kiswahili walikutana na wale manyani wawili wakiwa bado wanavaa kaptura za shule. Adili, liwali wa Janibu, mtu mwema asiye na kashfa, kila usiku anashika mjeledi na kuwachapa manyani, na mfalme Rai anataka kujua kwa nini. Manyani hao ni ndugu zake mwenyewe, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa kwa sababu ya usaliti wao. Shaaban Robert alikitoa kitabu hicho mwaka 1952. Hapa tunakitumia kuonyesha namna ya kurudia hadithi ya ajabu ya utotoni pale mambo yanapokuzidi. Kama kitabu chako ni kingine, njia ni hii hii, ilimradi mwisho wake unaujua.

Hilo la kuujua mwisho ndilo linalofanya kazi. Aliyeelemewa hana nguvu ya kungoja kuona nani atapona. Ukijua kwamba Adili ataokoka baharini, unaweza kusoma polepole alivyotoswa na ndugu zake, bila kushikilia pumzi. Ndiyo maana riwaya mpya, hata iwe nzuri kiasi gani, haifai kwa kazi hii.

Kabla ya kukifungua, jisimulie hadithi kwa dakika 5, au iandike nusu ukurasa. Usijali mpangilio. Sehemu iliyokujia kwanza ndiyo ya kuanzia, si ukurasa wa kwanza. Isipokuja yoyote, chagua kwa kulinganisha na shida yako. Aliyesalitiwa na ndugu aende kwenye safari ya jahazini, pale Hasidi na Mwivu wanapomtosa Adili kwa sababu ya Mwelekevu, binti aliyemtoa mji wa mawe. Aliyefiwa, au aliyehamia mahali asipojuana na mtu, akae kwenye mji huo, ambao watu wake wamegeuka mawe na binti huyo tu amebaki hai. Anayedhani wema wake umepotea bure amsome Huria, jini aliyetendewa wema na Adili akaja kuulipa siku isiyotegemewa.

Soma kwa sauti. Sentensi za Shaaban zinaviringika: sifa juu ya sifa, methali ikifuatwa na nyingine. Jicho linaruka, ulimi hauwezi kuruka. Ukurasa mmoja utakuchukua dakika 2 hadi 3, kwa hiyo kurasa 4 kwa usiku zinatosha, kwa siku 5 mfululizo, saa ile ile. Simu ibaki chumba kingine. Neno gumu lipigie mstari kwa penseli na uendelee. Kamusi ifunguliwe asubuhi, kwani ukiifungua katikati ya tukio utakuwa umetoka kwenye hadithi na kuingia darasani.

Na darasa ndilo linaloharibu mara nyingi zaidi. Ukijikuta unahesabu dhamira, au unamweka Adili kwenye safu ya "wahusika wakuu", ujue mtihani wa zamani umekuandama. Funga kitabu, jiulize swali moja tu: Adili anahisi nini mkononi anapoinua mjeledi? Kisha rudi.

Swali hilo linatupeleka penye uzito wa kitabu. Majina yake ni mtego. Ukisoma "Hasidi" na "Mwivu" ukiwa na uchungu, utawabandika ndugu zako majina hayo mara moja na wewe utajivika la Adili, halafu utaamka na hasira kuliko ulivyolala. Dawa yake ni kusoma tukio la mijeledi mara mbili. Usiku wa kwanza simama upande wa Adili: aliyedhulumiwa ndiye sasa analazimishwa na Huria kuadhibu, na adhabu inamuumiza mwenyewe. Usiku wa pili simama upande wa nyani: anayajua makosa yake yote, lakini hana ulimi wa kuomba radhi. Ugomvi wa nyumbani huo, ila umevishwa manyoya na minyororo ili uweze kuutazama bila kugeuza uso. Mtoto wa miaka 10 huona manyani tu. Mtu mzima akisoma kwa sauti, koo humkauka.

Usikate kabla ya manyani kurudia ubinadamu wao. Anayeishia kwenye mijeledi amekunywa nusu ya dawa, tena nusu chungu.

Kama wiki 2 zimepita hulali wala huli, kitabu kiwe kando ya kitanda, lakini nenda pia kituo cha afya.

Nakala yenyewe ikiwa ni ile ya zamani, iangalie. Ukurasa uliochanika usiutie selotepu: gundi yake hugeuka njano na kula karatasi. Pika gundi ya wanga wa mahindi, kijiko 1 kwa vijiko 5 vya maji, moto mdogo, koroga mpaka iwe nzito na kung'aa kama uji, iache ipoe. Chukua ile karatasi nyembamba inayofungiwa viatu vipya dukani na uchane kipande chenye upana wa sentimita 1. Uchane kwa vidole, usitumie mkasi, kwa sababu nyuzi za ukingo uliochanwa ndizo zinazoshika. Paka kidogo sana, bandika, weka nailoni juu na chini, kisha kandamiza kwa kitabu kizito hadi kesho yake. Ukipaka nyingi ukurasa utajikunja na kuvutia wadudu. Chenye ukungu kianikwe kivulini penye upepo. Jua kali hukausha karatasi mpaka ivunjike.

Kuhusu kumsomea mtoto: anza na jini na mji wa mawe, mijeledi ije baadaye, na akikuuliza kwa nini Adili hakukataa kupiga, usiharakishe jibu. Na akija mtu kukiazima, mnunulie nakala yake. Hiki chenye penseli yako kisitoke nyumbani.