Mahindi yangu ya Nachingwea, yafike Februari bila dumuzi

Mwaka ule dumuzi, wale wadudu wanaotoboa mahindi, waliponigeuzia magunia manne kuwa unga, nililia. Niliyaweka hayajakauka vizuri, basi.

Kwa hiyo ndugu zangu, anzeni na ukavu. Anika juu ya turubai. Ardhini yanavuta unyevu, na unyevu ndio unaoleta ukungu wenye sumukuvu. Kiwango cha soko la Afrika Mashariki ni unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mimi sina mashine, natumia chupa kavu ya kioo: punje mpaka theluthi, chumvi kavu vijiko viwili, funika, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha juani.

Pepeta, toa punje zilizotobolewa. Kisha chukua mfuko wa kinga njaa, wenye plastiki mbili ndani na kiroba nje. Puliza kila plastiki kwanza uone kama ina tundu. Jaza ya ndani, shindilia, kamua hewa, sokota shingo, funga kwa mpira. Halafu ya pili, halafu kiroba. Wadudu wanakosa hewa, huhitaji dawa. Usiwe unafungua fungua! Panga juu ya chaga, mbali na ukuta, maana panya akitoboa kazi yote imeharibika.

Maghala ya vyama vya msingi huku kwetu tunayajua kwa korosho, ufuta na mbaazi za stakabadhi ghalani, ule mfumo wa mkulima kuweka mazao ghalani na kupewa stakabadhi mpaka yauzwe. Natamani serikali itenge kona ya mahindi ya chakula humo. Mpaka hapo, ghala ni chumba chako.