Gemu yenye modi kibao ikikrashi, uliza kwanza imefia wapi

Najua ulichofanya. Gemu imezima ghafla, umerudishwa desktopu bila hata neno, ukafungua orodha ya modi, zile nyongeza zinazotengenezwa na wachezaji, ukaanza kuzima ile unayoihisi vibaya, labda ni hii ya nywele, ukawasha, ikakrashi tena, ukazima nyingine tano, ukawasha mbili, mpaka saa nane usiku hujui tena ulizima nini na uliacha nini, na sasa gemu haifiki hata pale ilipokuwa inafika mwanzo. Mi nimefanya hivyo miaka kabisa kabla sijapata akili.

Hapa naongelea Skyrim Special Edition, ile ya 2016, kwa sababu ndo naijua na ndo watu wanaibebesha modi mpaka inapumua kwa shida. Ila namna ya kuwaza ni ileile hata kwa Fallout 4, majina ya faili tu ndo yanabadilika.

Kabla hujagusa kitu kopi folda ya sevu zako, iko ndani ya Documents, My Games, Skyrim Special Edition, Saves. Kama unatumia Mod Organizer 2, meneja wa modi, tengeneza pia nakala ya profaili, alafu majaribio yote fanyia kwenye nakala. Dakika mbili tu. Fungua na faili la maandishi tupu uwe unaandika kila unachobadilisha, maana ukishabadilisha vitu vinne bila kuandika umeshapotea.

Haya sasa, swali. Imefia wapi? Kabla ya menyu, wakati wa kulodi sevu, mahali palepale kila ukipita, au popote inapojisikia? Haya ni magonjwa manne tofauti na dawa zake hazifanani, na mtu akiniambia "gemu yangu inakrashi" bila kusema wapi ni kama kumwambia daktari unaumwa alafu ukanyamaza.

Inafia kabla ya menyu

Hii inatisha lakini ndo rahisi kuliko zote, kwa sababu hapa gemu haijaanza kucheza chochote, inasoma tu. Mara nyingi ni matoleo hayalingani. Klik kulia kwenye SkyrimSE.exe, ingia Properties, alafu Details, angalia namba ya toleo. Unaweza kukuta 1.5.97, 1.6.640, 1.6.1170 na kadhalika. Sasa SKSE, programu inayoiongezea gemu uwezo ambao modi nyingi zinautegemea, lazima iwe imetengenezwa kwa namba hiyohiyo, sio ya kukaribiana. Na kila modi yenye faili la .dll inayoitegemea SKSE nayo lazima iwe imetengenezwa kwa toleo lako. Halafu kuna Address Library, inayozionyesha modi za .dll vitu vilipo ndani ya gemu, ambayo watu wanashusha ya 1.5.97 wakati gemu yao ni 1.6 au kinyume chake, alafu nusu ya modi zinagoma kwa pamoja wanadhani dunia imeisha. Ni faili moja tu mzee.

Kama jana ilikuwa inafunguka vizuri na leo haifunguki na wewe hujagusa kitu, basi gemu imejiapdeti yenyewe, usitafute mchawi. Kwenye Steam weka gemu iapdetiwe pale tu unapoifungua kupitia Steam, alafu wewe uwe unaifungua kwa skse64_loader.exe siku zote. Kujua kama SKSE imewaka kweli, fungua konsoli, yaani sehemu ya kuandika amri, ukiwa kwenye gemu uandike getskseversion. Ikikujibu kwa namba, basi sawa; ikisema haielewi amri hiyo basi unafungua kwa njia isiyo sahihi na nusu ya modi zako zimelala.

Cha pili ni masta anayekosekana. Plagini (faili la modi linaloingiza vitu kwenye gemu) moja imejengwa juu ya nyingine, wewe umeifuta ile ya chini au hujaiwasha, basi gemu inakufa hapohapo ikiwa inaanza na haikuambii sababu. Meneja wa modi huwa anaweka alama ya onyo, tatizo watu hawaisomi, wamezoea kuiona kama pambo. Isome. Ukipenda uhakika fungua SSEEdit, programu ya kuchungulia ndani ya plagini, ulodi kila kitu, ikikutana na plagini isiyo na masta itakutajia kwa jina.

Cha tatu kimeanza na apdeti ya Desemba 2023, toleo 1.6.1130. Plagini zinazotengenezwa tangu hapo zinaweza kuwa na heda (namba ya toleo iliyo mwanzoni mwa faili) ya 1.71, na gemu ya zamani haiijui hiyo. Kama umebaki toleo la nyuma weka modi inaitwa BEES inamaliza hilo. Na hesabu pia plagini zako: za kawaida mwisho wake ni nafasi 254 hivi pamoja na zile za gemu yenyewe, za ESL, yaani zile nyepesi, zinakaa zote kwenye nafasi ya FE na zinaweza kufika 4096. Ukizidisha za kawaida vituko vyake havina adabu.

Inafia ikilodi sevu, au inazunguka milele

Hapa jaribio la kwanza ni moja tu. Ukiwa kwenye menyu kuu, bila kulodi chochote, fungua konsoli andika coc riverwood. Gemu itakutupa Riverwood na mtu mpya asiye na historia. Ikikubali na ukatembea vizuri basi modi zako kwa ujumla ziko hai na mgonjwa ni sevu. Ikikataa, mgonjwa ni modi, achana na sevu.

Kuna ujanja hapo: ukishasimama Riverwood, lodi sevu yako kutokea hapo badala ya menyu kuu. Mara nyingi inaingia. Ikiingia, ulikuwa unateswa na lile tatizo la sevu kuonekana imeharibika kumbe haijaharibika, na SSE Engine Fixes inalitibu. Ila Engine Fixes ina sehemu mbili, moja unaiweka kwa meneja kama modi nyingine na ya pili unaitupia kwa mkono kwenye folda ya gemu pale ilipo SkyrimSE.exe. Watu kibao wanaweka ya kwanza wanaisahau ya pili alafu wanasema haisaidii.

Kama sevu kweli inaumwa, jiulize ni modi gani umeitoa katikati ya safari. Modi ya skripti ukiitoa inaacha mabaki yake ndani ya sevu, zile skripti zinaendelea kumtafuta mwenyewe ambaye keshahama. ReSaver, programu ya kuhariri sevu, inaweza kusafisha mabaki hayo na mi nimeshaitumia, lakini siamini sevu iliyosafishwa hata siku moja, inaweza kukupeleka masaa ishirini mbele alafu ikaangukia njiani. Bora urudi kwenye sevu ya kabla hujaitoa.

Skrini ya kulodi isiyoisha ni tofauti kidogo na krashi. Usiizime baada ya dakika moja, fungua Task Manager uangalie kama diski na prosesa vinafanya kazi. Vikiwa vinahangaika subiri. Vikiwa vimetulia tuli basi imekwama, na mara nyingi nimekuta ni animesheni: umeongeza au kutoa modi ya animesheni alafu hujarun tena programu ya kuunganisha animesheni, Nemesis au Pandora au hiyo unayotumia. Dalili yake nyingine ni watu kusimama wamenyoosha mikono kama msalaba.

Na kabla sijasahau, pagefile. Hii ni ile kumbukumbu ya akiba ambayo Windows inaiweka kwenye diski, na kuna wajuaji huko walishauri watu waizime ili SSD isichakae. Usiizime. Skyrim yenye tekscha (picha za juu ya vitu) nzito inaomba nafasi kubwa kuliko unavyodhani, ikinyimwa inakufa, hata kama ramu yako ni gigabaiti 32 na inaonekana haijajaa. Weka kwenye SSD, chini MB 20480, juu MB 40960, ristati kompyuta. Ukiwa kwenye 1.5.97 na ripoti ya krashi inataja D6DDDA, anza na hili kabla ya lingine lolote, ukishindwa ndo uanze kutafuta tekscha au mesh (umbo la kitu) mbovu.

Inafia palepale kila ukipita

Hii naipenda, kweli kabisa, kwa sababu mwizi ana anwani. Weka modi ya kuandika ripoti za krashi, Crash Logger kwa mfano, alafu nenda ukakrashi makusudi. Ripoti itakaa kwenye folda ya SKSE ndani ya ileile My Games.

Sasa kusoma ripoti. Juu kabisa utaona EXCEPTION_ACCESS_VIOLATION, haikusaidii kitu, maana yake gemu imejaribu kugusa kumbukumbu isiyo yake, krashi karibu zote zinasema hivyo. Shuka chini. Unatafuta majina: faili la .nif (mesh), la .dds (tekscha), la .dll, jina la plagini, na namba za vitu. Namba ya kitu ina tarakimu nane, mbili za mwanzo ni nafasi ya plagini kwenye orodha yako (inahesabiwa kwa hex, 0 mpaka 9 alafu A mpaka F), kwaiyo 2B01A3F4 inatoka kwenye plagini iliyoko nafasi ya 2B. Ikianza na FE basi ni ESL na unasoma tatu zinazofuata, FE05A812 ni ile iliyoko 05A. Angalia orodha yako na umempata mshukiwa.

Mshukiwa, sijasema mwenye kosa. Ripoti inaandika vitu vilivyokuwa karibu gemu ilipokufa, kwaiyo unaweza kumkuta mfuasi wako anatajwa mara kumi na yeye alikuwa amesimama tu hapo. Chukua ripoti tatu za mahali palepale. Kinachojirudia kwenye zote ndo ukishike.

Mi mwenyewe nilikaa wiki nzima na krashi ya karibu na Whiterun, nimeshalaumu modi ya hali ya hewa, nimeshalaumu nyasi, nimeshaanza kulaumu kadi ya picha. Nilivyoweka ripoti kumbe ni mti. Mti mmoja, .nif ya modi ya Skyrim ya zamani ya 2011 niliyoihamisha bila kuibadilisha. Ile ya zamani ni biti 32 na mesh zake hazijaandikwa kwa namna ya Special Edition, zingine zinapita na zingine zinakuua. Nilizipitisha kwenye Cathedral Assets Optimizer mambo yakaisha. Plagini za zamani nazo zinakuwa na namba ya fomu 43 badala ya 44, hizo fungua na Creation Kit, programu rasmi ya kutengenezea modi, uzisevu upya.

Kama ripoti haitaji mesh yoyote na bado ni palepale, wazia navmesh iliyofutwa, yaani ile ramani ya chini inayowaonyesha wahusika pa kukanyaga. Modi moja inaifuta, nyingine inaitegemea, mhusika anatafuta njia haipo, gemu chini. SSEEdit ukiitumia kusafisha itakuonya kwamba zipo lakini haizirekebishi yenyewe, kwaiyo usione umesafisha ukadhani umemaliza. Tafuta kiraka au chagua modi moja kati ya hizo mbili.

Inafia popote

Pole. Hapa ripoti kila siku inasema kingine. Kwanza zima vitu vinavyokaa juu ya gemu, overlei za kurekodi na za gumzo, alafu jaribu gemu bila modi hata moja kwa nusu saa. Ikikrashi bila modi basi shida ni kompyuta, angalia joto na kama umeongeza spidi ya kadi irudishe kawaida.

Ikiwa salama bila modi, kata nusu. Zima nusu ya modi zote, jaribu. Ikiendelea kukrashi mwizi yumo kwenye nusu iliyobaki, isipokrashi yumo kwenye ile uliyozima. Chukua nusu yenye mwizi ukate tena nusu. Modi 200 unazimaliza kwa majaribio nane, wakati ukienda moja moja ni 200. Angalizo tu, masta na wanaomtegemea wakae upande mmoja, la sivyo unajitengenezea krashi ya menyu katikati ya uchunguzi. Na majaribio haya yafanye kwa mtu mpya wa coc, usisevu juu ya safari yako.

Kuhusu LOOT, programu ya kupanga orodha ya plagini, najua kuna mtu ameshaifungua. Inapanga vizuri na maonyo yake ni ya kusoma, lakini mpangilio mbaya mara nyingi unakuletea vitu vya ajabu zaidi ya krashi, nyumba kuzama ukutani, mtu kuwa na uso mweusi na mwili mweupe. Kupanga upya kila gemu ikikrashi ni kuhamisha fanicha wakati bomba linavuja.

Ukishindwa kabisa na unataka kumuuliza mtu, mpe toleo la gemu, toleo la SKSE, orodha ya plagini, ripoti nzima ya krashi kama faili, na kitu cha mwisho ulichobadilisha kabla haijaanza. Faili zenyewe, sio picha ya skrini uliyopiga kwa simu ikiwa imepinda.