Korongo taji wametaga kwenye bonde lako: ufanye nini hadi makinda waruke

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye kinyungu, yaani shamba la bondeni linalolimwa mvua zikikata, au anayemsaidia mwenye kinyungu, huku Mufindi, Njombe, Kilolo na mabonde mengine ya nyanda za juu kusini. Nimeuandika baada ya kumsaidia mzee mmoja ambaye korongo taji walitaga kwenye matete ya bonde lake, karibu kabisa na mahali alipotaka kupanda maharage. Maswali yake ni yaleyale ninayoulizwa kila msimu, kwa hiyo nayajibu yote hapa.

Korongo taji, yule wa kijivu mwenye shungi la dhahabu na mashavu meupe, tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka. Wanaommaliza ni binadamu. Tunakausha mabonde anakotaga, tunabeba makinda kwenda kuwafuga au kuwauza, anagonga nyaya za umeme, anakula mbegu zilizopakwa dawa. Huku kwetu kubwa ni hilo la kwanza. Anataka bonde lenye maji, matete ya kumficha, na nyasi fupi za jirani za kulishia. Ni palepale ambapo sisi tunapataka kwa vinyungu.

Hatua ya 1: Jua kiota kilipo bila kukifikia

Kaa ukingoni mwa bonde, mita 150 au zaidi, asubuhi mapema, ukiwa na darubini. Mimi natumia inayokuza mara 8. Ya mara 10 siishauri: mkono ukitikisika kidogo tu picha inacheza, na ukungu wa asubuhi unamaliza faida yake yote.

Ukiwaona wote wawili wanakula pamoja kutwa nzima, hawajataga bado. Ukiona mmoja tu anazunguka, na mwenzake ni shungi tu linalochungulia juu ya majani na halisogei, yupo juu ya mayai. Dume na jike hupokezana kuatamia. Ngoja zamu ibadilike. Anayekuja hatui kwenye kiota. Anatua pembeni, anatembea taratibu, anadonoa hapa na pale kama mtu asiye na safari, kisha anazama kwenye matete. Dakika chache baadaye mwenzake anatokea upande mwingine. Hapo umeshapajua, na huna sababu ya kwenda kuchungulia. Mayai huwa mawili au matatu, mara chache moja au manne. Kuyahesabu hakumsaidii ndege.

Ukiingia utaacha njia kwenye matete, na njia hiyo mbwa ataifuata, mtoto wa jirani ataifuata. Droni usirushe kabisa. Korongo akitoka kwa hofu mayai yanabaki wazi, na kunguru hawakai mbali.

Hatua ya 2: Simu

Kabla ya kupiga picha, zima kwenye kamera kile kipengele kinachohifadhi mahali ulipo. Picha isiingie kwenye kundi lolote la WhatsApp mpaka makinda wawe wanaruka. Hata kundi la familia.

Hatua ya 3: Kaa na mwenye bonde

Nenda jioni, mpe shikamoo yake, uliza habari za shamba na mvua, kaa. Usianze na sheria. Ni kweli kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu, na zile zinazoharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini mtu wa kinyungu ukimtajia mita 60 anajua umekuja kumfukuza, na kabla wiki haijaisha matete yatakuwa yamefyekwa ili pasionekane kuwa na kitu cha kuhifadhi.

Mzee wangu alinijibu hivi: "Mwanangu, ndege huyu nimemkuta hapa, na baba yangu alimkuta. Sina ugomvi naye. Ila wajukuu wanakula maharage." Hayo ni mazungumzo mazuri kabisa ya kuanzia.

Omba mambo mawili tu: kipande cha matete na maji yaliyomo. Kwa kipande, mimi huomba hatua 50 kila upande wa kiota. Alime kwanza upande wa mbali, wa karibu autie jembe mwisho. Mpaka uweke kwa vijiti vifupi vya mianzi na kamba ya katani, upande wa shamba peke yake, mstari mmoja ulionyooka. Ukizungushia duara umemwonyesha kila mpita njia kiota kilipo. Kamba za nailoni na mifuko ya plastiki sizitaki bondeni. Miguu ya makinda inanasa.

Hatua ya 4: Maji

Hapa ndipo viota vingi vinapopotea, na ndipo utakapotumia muda wako mwingi, kwa hiyo usome mpaka mwisho kabla ya kushika jembe.

Huku kwetu viota ninavyoviona ni vya msimu wa mvua. Mvua zikikata, kuanzia Mei hivi, kila mtu anashuka bondeni kuzibua na kuchimbia mifereji ili matuta yakauke apande. Mfereji mmoja wa katikati ukichimbiwa, maji yanayozunguka kiota yanaondoka yote. Kiota chenyewe ni jukwaa tu la majani yaliyokanyagwa, kipo chini. Ulinzi wake ni maji. Maji yakiondoka, mbwa anafika kwa miguu mikavu.

Basi mfereji upite pembeni, usipite katikati. Chimbeni mfereji wa kando unaofuata ukingo wa matete, nje ya zile hatua 50, ukusanye maji ya matuta na kuyarudisha kwenye mkondo chini ya kipande. Huo wa katikati uzibwe mahali unapotoka kwenye matete, yaani upande wa chini. Wengi wanaziba upande wa juu. Ukiziba juu umemnyima korongo maji halafu umeyamwaga kwenye matuta ya mwenye shamba, umewakosea wote wawili.

Kuziba natumia viroba vilivyojazwa udongo wa mfinyanzi, vipangwe kama matofali, vishindiliwe, juu viwekwe mabonge ya udongo yenye nyasi zake na mizizi. Saruji hapana, hata kama kuna mfuko umebaki nyumbani. Kizuizi hiki ni cha msimu na lazima mweze kukifungua kwa mikono.

Sasa tahadhari. Usipandishe maji. Lengo ni kuyabakiza pale ulipoyakuta. Kabla ya kuweka kiroba cha kwanza, simika kijiti mfereji unapotokea kwenye matete, juu kidogo ya mahali pa kizuizi, mbali na kiota, na ukate alama kwa kisu kwenye usawa wa maji ya siku hiyo. Kizuizi kiwe na mdomo wa kumwagia maji ya ziada, na mdomo huo uwe sawasawa na alama. Mvua ya mwisho ya msimu inaweza kushuka usiku mmoja ikajaza bonde lote; bila mdomo, mayai yatazama wakati ulidhani unayalinda. Ukifika asubuhi ukakuta maji yamepanda robo shibiri juu ya alama, toa kiroba kimoja cha juu. Yakishuka kiasi hicho chini ya alama, tafuta panapovuja. Kwa kawaida ni ubavuni, pale viroba vinapokutana na ukingo. Chimba kidogo ndani ya ukingo ukishindilie upya.

Kijiti kisome ukiwa pembeni, wakati uleule kila siku, ukivaa nguo zilezile za shamba. Ndege wanamzoea mtu anayepita kwa utaratibu. Asiyezoeleka ni yule anayesimama na kukodoa macho.

Halafu kuna watu wa chini. Maji ya mabonde mengi ya upande wa Mufindi na Iringa yanaingia Ruaha Mdogo, kutoka hapo Ruaha Mkuu mpaka Mtera, na kabla ya kufika huko kuna vinyungu vya watu. Waambie kabla ya kuziba, waonyeshe mdomo wa kizuizi ukimwaga. Mtu akiamka akakuta mfereji wake mkavu bila taarifa, atakuja usiku na panga kukipasua, na maji yatakayotoka kwa mkupuo yatabeba na matuta yake. Na mwenye pampu ya petroli asivute kwenye kidimbwi cha matete. Avute kwenye mfereji wa kando.

Hatua ya 5: Mbwa, ng'ombe, mbegu, mabomba

Mbwa afungwe asubuhi na jioni. Ng'ombe wanyweshwe mahali pengine. Mahindi yaliyopakwa dawa yafukiwe vizuri, yaliyomwagika pembeni yaokotwe, kwa sababu korongo hufukua na kula. Bomba la kupulizia dawa lisisuuzwe bondeni.

Hatua ya 6: Mayai yakianguliwa, ndiyo kwanza umefika katikati

Mayai huchukua siku 28 hadi 31. Kifaranga hakai kiotani. Muda mfupi baada ya kuanguliwa anatembea na wazazi wake, anaweza hata kuogelea. Watu wakiona kiota kitupu wanafurahi, wanafungua mfereji, wanachoma matete. Kinda huyo hawezi kuruka mpaka afikishe siku 56, wengine hadi 100. Muda huo wote usalama wake ni kujificha kwenye matete yenye maji. Kwa hiyo hesabu miezi mitatu hadi minne na nusu tangu mayai yatagwe, na mwambie mwenye bonde hesabu hiyo tangu siku ya kwanza, ili apange palizi na mbegu zake.

Moto usiwashwe hapo kabisa. Kinda akiona hatari hujilaza chini na kutulia, na moto haumruki aliyelala.

Ukimkuta kinda peke yake, ondoka. Wazazi wamejitenga kwa sababu yako. Na mtu akikuletea kinda umnunue "umwokoe", usinunue, maana kesho atamleta wa pili. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 hairuhusu kumkamata wala kumfuga bila kibali. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya siku hiyohiyo, wakati wazazi bado wanamtafuta kinda kwenye bonde lilelile.

Hatua ya 7: Wakisharuka

Fungueni kizuizi kiroba kimoja kwa siku. Mwenye bonde alime kile kipande cha karibu kama mlivyokubaliana, ila kitovu cha matete kibaki. Milingoti (mikaratusi) isipandwe ukingoni. Inakunywa maji ambayo msimu ujao mtayatafuta.

Kama bonde lina wakulima wengi, pelekeni jambo kwenye kamati ya mazingira ya kijiji liwe sheria ndogo: matete yasichomwe na mfereji wa katikati usichimbiwe wakati kuna kiota au makinda. Rasimu inapita halmashauri ya kijiji, kisha mkutano mkuu wa kijiji, halafu halmashauri ya wilaya iidhinishe. Anzeni Agosti, ili mvua zinaporudi iwe imeshapita.