Jinsi ya kuomba takwimu za sensa kwa ramani ya miraba, Mombasa

Kama kikundi chenu kinatafuta mahali pa kuweka kioski cha maji au zahanati, jumla ya wadi haitawafikisha mbali. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,208,333 katika kaunti ya Mombasa, kwenye eneo la kilomita za mraba 219.9. Hao ni wastani wa watu 5,495 kwa kila kilomita ya mraba, ila wastani huo huuoni ukitembea. Mtaani Majengo watu wamebanana ukuta kwa ukuta. Mwakirunge utapita mashamba kwa kitambo kabla ya kukutana na mlango. Ramani ya miraba hukata kaunti vipande vya ukubwa mmoja, kila kipande na idadi yake. Wadi hubadilishiwa mipaka, mraba hauhami, kwa hiyo sensa moja na nyingine zinalinganishika.

Anzeni na swali, tena liwe dogo. "Watoto wa chini ya miaka mitano ni wangapi katika kila mraba wa Jomvu" ni ombi linalojibika. "Data yote ya Jomvu" si ombi, na msishangae likikataliwa.

Kisha chagueni ukubwa wa mraba. Hapa msiharakishe, maana ndipo siri za watu zinapolindwa au kumwagwa. Kwa wastani ule ule, mraba wenye upande wa kilomita 1 una watu 5,495. Wa mita 250 una kama 343. Wa mita 100 una 55 tu. Na hao 55 ni wastani. Chukua mraba wa mita 100 kando ya mikoko ya Tudor, wenye nyumba mbili. Ramani ikiandika "watu 9, mmoja ana ualbino", jina halikutajwa, lakini mwenye duka na jirani wameshajua ni mtoto wa nani. Sensa ya 2019 ilikuwa ya kwanza nchini kuhesabu watu huntha, yaani waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kike tu wala ya kiume tu, wakapatikana 1,524 Kenya nzima. Watu hao walimwambia karani jambo ambalo pengine hata ukoo haulijui. Kwa maoni yangu, kwenye miraba yatosha idadi, umri na jinsia ya kike na kiume. Ulemavu, dini na mengine ya ndani yaombwe kwa kiwango cha kaunti nzima. Nchi za Umoja wa Ulaya zilitumia miraba ya kilomita 1 kwa sensa yao ya 2021, nami ningeanzia hapo.

Kinga zitajeni wenyewe ndani ya barua, msingoje kuulizwa. Semeni mnakubali mraba wenye watu wachache ufichwe au uunganishwe na wa jirani, na namba zikadiriwe hadi tano iliyo karibu au zitikiswe kidogo, yaani ziongezwe au zipunguzwe kwa bahati nasibu. Ombeni ukubwa mmoja tu. Sababu ni hii: mraba wa kilomita 1 una miraba 16 ya mita 250. Mkubwa ukisema 2,140, na midogo 15 ikijumlishwa ikaleta 2,133, basi ule mmoja uliofichwa una watu 7, na kuuficha hakukusaidia kitu. Jumla za wadi nazo zaweza kutumika kwa hesabu ya kutoa ya namna hiyo pale mpaka unapofuata kingo za miraba.

Barua iende kwa Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS. Itajeni Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, inayompa haki hiyo kila raia, na mweleze eneo, ukubwa wa mraba, makundi ya umri na aina ya faili mnayotaka. Kiswahili kinakubalika kisheria. Halazimishwi mtu kueleza sababu, ila mimi ningeieleza, kwa kuwa afisa akijua kazi yenyewe atawaonyesha jedwali linalofaa zaidi. Kuomba hakulipiwi, mnaweza kudaiwa gharama ya kunakili. Bakini na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, kwa sababu siku 21 za kujibiwa huhesabiwa tangu hapo. Zinaweza kuongezwa 14, mara moja tu.

Mkikataliwa kwa sababu ya faragha, msikimbilie malalamiko. Sheria ya Takwimu ya 2006 inawafunga maafisa wasitoe habari za mtu mmoja mmoja, na ni kheri yetu sote kwamba inawafunga. Rudini na miraba mikubwa zaidi. Mkiona mmekataliwa bila msingi, mna siku 30 kuomba afisi ya Ombudsman, inayosikiliza malalamiko dhidi ya afisi za serikali, ipitie uamuzi huo.

Faili likifika, msilioanishe na orodha ya wapangaji wala daftari la chama ili kubashiri nani yuko wapi. Na mnapochora, mraba uliofichwa upewe mistari ya mshazari, usiachwe mweupe kama ule usio na watu. Nyumba tatu za Mwakirunge zikionekana nyeupe, mwenye kupanga bomba ataamini pale hakuna wa kunywa maji.