SOMO: Kupiga mandhari kwa kamera ya mkanda bila kuunguza roli

Wakuu habari zenu. Kila nikifungua inbox nakuta swali lilelile, "nimepata kamera ya mzee kabatini, nimeenda nayo mlimani, picha zimetoka giza, tatizo nini?" Nimejibu mmojammoja mpaka basi, sasa naandika hapa moja kwa moja na nikiulizwa tena nitakutumia huku.

Mimi natumia Pentax K1000, zile zilizotengenezwa kuanzia 1976 mpaka 1997. Shata yake (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni springi tupu, inafyatuka hata bila betri. Kama una Zenit au Nikon FM hatua ni zilezile, vitufe tu ndo vinahama sehemu.

1. Betri. K1000 inakula LR44 moja na ni ya mita ya mwanga tu. Haina swichi ya kuzima, mita inafanya kazi muda wote lenzi ikiona mwanga, kwaiyo kama hupigi rudisha kifuniko.

2. Nunua mkanda wa rangi ISO 200 (ISO ni wepesi wa mkanda kushika mwanga) uanze nao.

3. Inua ile pete ya nje ya kinobu cha spidi, zungusha mpaka kidirisha kisome 200.

4. Weka mkanda ukiwa kivulini. Chomeka ulimi wake kwenye roli ya kupokelea, vuta kidogo uone matundu yamekaa kwenye meno pande zote mbili, ndo ufunge. Sasa zungusha taratibu nobu ya kushoto mpaka uhisi mkanda umekaza, halafu vuta mkono wa kulia huku unaiangalia hiyo nobu. IKIZUNGUKA mkanda unatembea. Isipozunguka fungua uanze upya. Usiamini namba ya kuhesabia picha, ile inapanda hata kamera ikiwa tupu.

5. KUPIMA MWANGA. Hapa ndo roli zinapofia, yangu moja ya Irente, ule ukingo wa mlima wa kutazamia bonde kule Lushoto, iliishia hapahapa, mbingu safi kabisa na chini weusi mtupu, mashamba ya mkonge ya Mazinde hayaonekani hata kwa dawa. Mita za kamera hizi zinachukua kila kilichopo kwenye fremu zinapiga wastani, sasa ukisimama ukingoni pale nusu ya fremu ni mbingu, mita inaona mwanga mwingi inakwambia punguza, na wewe unatii. Fanya hivi: inamisha kamera uangalie majani au udongo unaopigwa na mwanga uleule wa kule unakopiga, mbingu isiingie hata kidogo, rekebisha spidi mpaka sindano ya mita ikae katikati, halafu nyanyua kamera upange picha yako. Sindano itaruka juu. IACHE IRUKE. Watu wengi wanaharibu dakika hii, wameshapima vizuri halafu wakiona sindano imeruka wanairudisha katikati, kazi yote bure. Mfano siku ya mawingu mepesi ukipima pamoja na mbingu unaweza kupewa spidi 1/500 (ya sekunde) kwa f/11 (namba ya tundu la lenzi), ukipima majani unapata 1/125 kwa f/11 ileile. Hiyo ni stopu 2 (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake), yaani ardhi ingepata robo tu ya mwanga inaouhitaji. Na mkanda wa rangi wa negativu unavumilia sana mwanga ukizidi ila ukipungua hausamehe, kile ambacho hakikuandikwa kwenye negativu hakuna skana itakayokirudisha. Ukiwa na wasiwasi ongeza stopu moja. Ukungu wa asubuhi nao unadanganya mita vilevile, ongeza stopu moja bila kujiuliza.

6. Tundu la lenzi f/8 mpaka f/11, f/16 ukiwa na kitu cha karibu sana mbele.

7. Spidi ikishuka chini ya 1/60 weka tripodi na utumie waya wa kufyatulia, kitufe kina tundu lake la kuufungia.

8. Mkanda ukiisha bonyeza kitufe kidogo cha chini ya kamera, rudisha kwa nobu ya kushoto mpaka iwe nyepesi ghafla. Kabla ya hapo USIFUNGUE MGONGO.

9. Peleka kusafisha na UDAI NEGATIVU ZAKO. Skani unaweza kurudia hata miaka 20 ijayo, negativu ikitupwa imekwenda.

MASWALI

Kijana wa Soni: Mkuu somo zuri, hiyo K1000 inatumia betri gani?

Mwandishi: Hatua ya 1.

Dullah Picha: Mi yangu Canon AE-1 haifyatui kabisa, wewe umesema hazihitaji betri

Mwandishi: Nimesema K1000, rudia kusoma. AE-1 shata yake ni ya umeme, bila betri ya volti 6 imekufa. Tafuta 4LR44.

Mchaga Halisi: Nakataa kuhusu mwanga. Yangu ni studio waliharibu, mkanda umerudi mweupe wote.

Mwandishi: Kaka kabla hujagombana na watu wa watu toa huo mkanda uangalie pembeni. Kuna maandishi na namba za kiwandani ukingoni, kama zinasomeka vizuri basi dawa imefanya kazi yake. Namba zipo na katikati hakuna kitu maana yake mwanga haukufika, na mara nyingi mkanda haukutembea kabisa. Hatua ya 4. Namba nazo zikiwa hazipo hapo ndo urudi studio ukaulize.

Mama Nuru: Asante mwalimu. Mimi natumia HP5 (mkanda wa nyeusi na nyeupe) na nimepewa filta ya njano. Nimesoma inakula stopu moja, je nikishapima niongeze moja tena?

Mwandishi: Swali zuri sana dada. K1000 inapima kupitia lenzi, yaani mwanga umeshapita kwenye filta kabla ya kufika kwenye mita, kwaiyo usiongeze, utakuwa umelipa mara mbili. Unaongeza pale tu unapopimia kwa simu au mita ya mkononi. Na hiyo njano iache hapo, inashusha bluu ya mbingu kidogo mawingu yanatokeza. Nyekundu inaipiga mbingu giza kabisa lakini inakula kama stopu 3, hapo tripodi lazima.

Mama Nuru: Na ile ya kuweka fokasi bila kuangalia?

Mwandishi: Eeh nilisahau kuiandika. Kwenye lenzi kuna vimistari vyenye namba za tundu pande mbili. Ukiwa f/16 na lenzi ya 50mm peleka alama ya infiniti (∞, yaani mbali kabisa) ikae kwenye mstari wa 16, basi kuanzia mita 2.6 hivi mpaka upeo wa macho kila kitu kinasomeka. Na ya 28mm kwa f/11 unaanzia kama mita 1.2, ndo maana wapiga mandhari tunaipenda.

Tanga Raha: Irente niende jioni nikapate machweo?

Mwandishi: Ukitaka machweo sawa. Ukitaka bonde lenyewe jioni jua linakupiga usoni, nenda asubuhi ila usiwahi mno, jua likiwa chini kivuli cha mlima kinalala juu ya Mazinde. Subiri saa tatu hivi. Kilimanjaro ndo kinyume, amka alfajiri, mawingu yakishaufunika imetoka hiyo.

Abuu wa Muscat: Nakuja likizo na roli 10, niziweke kwenye begi la chini?

Mwandishi: Hapana hapana! Mashine za mizigo zinaunguza mkanda. Beba mkononi kwenye mfuko unaoonyesha ndani, omba kwa adabu wakague kwa mkono, hasa wakiwa na zile skana mpya za CT zenye mionzi mikali. Ukifika usiziache kwenye gari juani.

Kijana wa Soni: kwenye friji je

Mwandishi: Friji sawa, ila ukitoa acha roli ndani ya kopo lake masaa kadhaa ipate joto la chumba, ukifungua ikiwa baridi inatoka jasho.