Jinsi ya kuandaa michezo na burudani za mtaa Dodoma kifuku kikiisha

Mvua za Dodoma, yaani kifuku, ni za msimu mmoja. Huanza kati ya mwisho wa Novemba na Desemba, hukata Aprili. Zikishakata tunapata wiki chache nzuri kuliko zote za mwaka: ardhi imekaza lakini haijawa vumbi, jua halichomi kama la Oktoba, na ule upepo wa Julai na Agosti bado haujashika. Nchi zenye theluji hufanya vivyo hivyo kwa kalenda yao: theluji ikiyeyuka, idara za burudani za majiji yao hutoa ratiba ya michezo, ngoma, mafunzo na mazoezi kwa watu wa rika zote. Wakati wetu sisi ni Mei.

Mimi najitolea kwenye kazi hii Nkuhungu, hapa Dodoma, bega kwa bega na ofisi ya mtaa. Nimecheza netiboli tangu shule ya msingi. Naandika kwa ajili ya yule wa Chang'ombe, Kizota, Ipagala au Veyula anayetaka mtaa wake uwe na ratiba ya kueleweka kuanzia wiki ya pili ya Mei hadi mwisho wa Julai. Usipange kuvuka hapo, kwa sababu Agosti ikiingia watu wote macho yako Nzuguni kwenye Nane Nane.

Ninaloliamini kuliko yote ni hili: anza kupanga ratiba na wale ambao hawatakuja bila kuitwa. Vijana wa soka hawahitaji kuitwa, ukitupa mpira tu wamejaa. Ukianza nao, uwanja umekwisha na jioni imekwisha. Wasichana watasimama pembeni na wadogo zao mgongoni, na wazee hawatatoka majumbani kabisa. Kwa hiyo kwenye karatasi yangu netiboli huandikwa kwanza, kisha watoto wadogo, kisha bao na drafti za wazee, kisha ngoma. Soka hupewa saa inayobaki, na haijawahi kukosa watu.

Ruhusa

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa mtendaji wa mtaa. Usirushe mtu. Mwenyekiti akilikubali atawaambia mabalozi, na balozi mmoja anayepita nyumba kwa nyumba ana nguvu kuliko matangazo kumi ya kwenye simu. Uwanja mara nyingi ni wa shule ya msingi, kwa hiyo mwandikie mwalimu mkuu, barua ipitie kwa mtendaji na nakala iende kwa mtendaji wa kata. Iwe fupi:

"YAH: OMBI LA KUTUMIA UWANJA WA SHULE KILA JUMAPILI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Tunaomba kutumia uwanja kuanzia saa 9:00 alasiri hadi saa 12:15 jioni kwa michezo ya watoto, vijana na wazee wa mtaa. Tutafagia kabla na baada. Tutalipa uharibifu wowote utakaosababishwa na shughuli zetu. Msimamizi atakayeshika ufunguo wa geti ni mmoja, na jina lake limeandikwa hapa chini."

Sentensi ya kufagia na ile ya ufunguo ndizo zinazompa mwalimu mkuu moyo wa kusaini. Kama utatumia spika, liseme kabisa, na siku ya bonanza la kufungia msimu mjulishe polisi kata mapema. Ofisi ya utamaduni na michezo ya jiji nayo ipelekee nakala. Usiende pale ukitarajia fedha za mipira kutoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri: ile ni mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na hurejeshwa.

Siku na saa

Hapa ndipo programu nyingi zinapokufa. Jumamosi asubuhi ni sokoni na kufua, na Wasabato wako kanisani hadi jioni. Jumapili asubuhi ni makanisa. Watoto wengine wana madrasa. Sisi tumeshika Jumapili alasiri, na hata hapo saa zina maana yake.

Saa 9 ni ya watoto chini ya miaka 9. Netiboli tunaiweka saa 10, si saa 9, kwa sababu saa 9 msichana wa Dodoma anaosha vyombo vya mchana na pengine bado hajateka maji. Ukiita netiboli saa 9, watakaofika ni wale wenye dada wa kazi nyumbani, nawe utadhani wengine hawapendi mchezo. Usogeze mchezo kwa saa moja tu, uone. Soka ni saa 11. Kwa kuwa Juni jua huzama kama saa 12 na nusu, filimbi ya mwisho ipigwe saa 12:15 bila nyongeza, ili kila mtoto afike kwao kabla ya giza. Mzazi akiona mara moja mwanawe amerudi usiku, Jumapili inayofuata hamtoi.

Shule zikifunga Juni, baadhi ya watoto hupelekwa kijijini kusaidia kuvuna mtama, uwele na karanga. Usivunjike moyo uwanja ukipungua. Unganisha makundi ya rika mawili, endelea.

Uwanja: mbigili kwanza

Baada ya kifuku uwanja wowote wa Dodoma umejaa mbigili, na watoto wengi watakuja peku. Kufyeka hakutoshi, maana majani yanaondoka na miiba inabaki chini. Tunatumia usafi wa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, ile ambayo watu wanatoka na mafagio kwa vyovyote. Jumamosi ya mwisho ya Aprili tunaomba usafi wa mtaa wetu ufanyike uwanjani.

Ng'oa kwa jembe wakati ardhi ina unyevu bado, mzizi utoke mzima. Kusanya mmea na miiba yake kwenye debe, usiuburute. Kisha chukua gunia la katani, lilowanishe, weka tofali mbili juu, funga kamba, watu wawili walivute taratibu uwanja mzima, kwa urefu halafu kwa upana. Geuza gunia: utaona miiba imeshika kama kunguni kwenye godoro. Ing'oe kwa kisu, iteketeze, rudia. Mzunguko wa tatu gunia likitoka safi, vua viatu mwenyewe utembee katikati. Usimruhusu mtoto kabla hujafanya hivyo.

Kiwanja cha netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, kimegawanywa sehemu tatu sawa. Nusu duara la goli lina nusu kipenyo cha mita 4.9, kata kamba ya urefu huo, mmoja asimame katikati ya mstari wa goli, mwingine azunguke na kijiti. Kielekeze kaskazini na kusini. Mchezo wetu ni wa jioni, na ukikilaza mashariki na magharibi, timu moja itatazama jua lote la saa 11 usoni. Mistari ya majivu hupeperushwa na upepo kabla ya robo ya pili, kwa hiyo kwaruza kwanza kijifereji chembamba kwa jembe, mwaga majivu yaliyoloweshwa ndani yake. Chokaa inakaa zaidi, lakini huunguza macho na ngozi. Ipakwe na mtu mzima, na watoto wawe mbali.

Milingoti ya goli ni mita 3.05. Fundi wa kuchomelea wa mtaani atakukunjia nondo iwe duara la sentimita 38 kwa ndani na kuichomelea kwenye bomba. Mwambie asugue ncha zote zilizochongoka kwa tupa. Kwa wasichana wa miaka 8 hadi 11 mwambie aweke na pete ya pili, chini kidogo, kwa sababu mtoto anayekosa goli jioni nzima haoni sababu ya kurudi.

Watoto wadogo hawahitaji vifaa vya kununua. Mpira wa soksi kuukuu unatosha kwa rede, kokoto na kishimo vinatosha kwa mdako, na kamba moja ndefu inaruka watoto kumi kwa zamu. Waite mama zao wawafundishe, wanaijua michezo hii kuliko kocha yeyote.

Wazee na ngoma

Mti wa mwarobaini wenye kivuli kizuri ni ukumbi. Bao moja, mashimo 32 na kete 64, na mbao mbili za drafti zenye vizibo vya soda, nyekundu kwa upande mmoja na vya rangi nyingine kwa upande wa pili. Liweke bao hilo juu ya meza ili anayetumia kiti cha magurudumu afike bila kuinama. Wapangie wazee vijana wa kucheza nao, usiwaache wenyewe kwa wenyewe, kwani hayo wanayo tayari nyumbani.

Kwa ngoma, mwenyeji wa hapa ni muheme. Ni ngoma ya wanawake wa Kigogo: mpigaji huibana ngoma katikati ya mapaja, hupiga kwa mikono, na mwili wote huenda nayo. Usiende kwa bibi anayeijua ukiwa na ratiba mkononi. Nenda na kilo ya sukari, kaa, salimia. Mimi nilipokwenda kwa bibi mmoja wa jirani, baada ya "Shikamoo bibi" na "Marahaba mjukuu wangu", alinisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Mnataka tuwafundishe, au mnataka tuwachezee?"

Swali hilo lijibu kabla hujaandika chochote. Ukitaka wachezee, unahitaji jioni moja, wageni na zawadi. Ukitaka wafundishe, unahitaji wasichana walewale kila wiki, ngoma ndogo za kujifunzia, mahali penye faragha kiasi ambapo watazamaji hawatawacheka, na nauli ya bajaji ya bibi kwenda na kurudi, itolewe mkononi siku ileile bila kukumbushwa. Sisi tulichagua kufundishwa. Ngoma zitolewe juani mapema. Baridi ya Juni hulegeza ngozi, na bibi akigonga mara moja akasikia sauti imelala, hapigi mpaka ikaze. Kama jua halikutosha, washa moto mdogo wa vijiti, ngozi iukabili kwa mbali, na mtu mzima asibanduke hapo. Kurekodi kwa simu kufanywe tu akikubali yeye.

Karatasi moja

Chukua karatasi moja ya kubandika kwenye mbao za matangazo: ofisi ya mtaa, shule, zahanati, msikitini, kanisani, na kwa mama lishe mwenye wateja wengi. Iwe na mambo haya tu kwa kila mchezo: rika, siku, saa, mahali, nani msimamizi, na kama kuna kulipia. Andika "bure" kwa herufi kubwa pale palipo bure, kwa sababu mama asiyeona neno hilo atadhani kuna mchango na atambakisha mtoto.

Uandikishaji ufanyike kwenye daftari, mzazi akiwepo: jina la mtoto, umri, jina la mzazi, simu, balozi wake, na kama ana pumu, kifafa, sikoseli au tatizo jingine la kujua. Daftari hilo likae kwa msimamizi mmoja, lisipigwe picha na kutupwa kwenye kundi la WhatsApp. Kila kundi la watoto liwe na watu wazima wawili, mmoja wao mwanamke, na asiwepo mtu mzima wa kumpeleka mtoto peke yake nyuma ya madarasa, hata kwa sababu nzuri. Hili halina mjadala kwetu. Tumewahi kumkatalia mtu mwenye kipaji cha kufundisha kwa sababu alitaka utaratibu wake binafsi.

Siku ya mchezo weka madumu mawili ya maji safi na vikombe vya kutosha, pipi za glukosi, pakiti za chumvichumvi za kurudisha maji mwilini, bandeji, glavu na kibanio cha kung'olea mwiba. Jua zahanati ya karibu hufungwa saa ngapi Jumapili, na uwe na namba ya bodaboda mmoja unayemwamini.

Fedha na taarifa

Kila shilingi iandikwe na watu wawili, mtunza fedha na mtu asiye rafiki yake. Duka likitoa mpira, andika mpira, usiandike thamani ya kubuni. Mwisho wa mwezi soma hesabu kwa sauti, uwanjani, kabla ya soka kuanza, maana saa hiyo ndiyo yenye watu wengi.

Julai ikiisha, fua vizibao vya wachezaji, punguza upepo kwenye mipira, hesabu kete za bao, na kabidhi sanduku ofisi ya mtaa kwa saini. Kisha andika taarifa ya kurasa mbili: wangapi walifika kila Jumapili, wavulana wangapi na wasichana wangapi, kipi kilivunjika, kipi kilikosekana. Mwaka wa fedha wa serikali huanza 1 Julai na bajeti ya halmashauri huandaliwa miezi mingi kabla. Kwa hiyo taarifa ifike kwa mtendaji wa kata Septemba, na umwombe diwani aiingize kwenye kamati ya maendeleo ya kata kabla mwaka haujaisha. Ombi liwe la kitu kimoja kinachoonekana. Letu la safari hii ni choo cha wasichana kinachofungwa kwa komeo upande wa uwanjani.